Mpokeaji, mpokezi au kipokezi? Mkanganyiko wa neno moja katika elektroniki na spoti

Majuma mawili yaliyopita, kijana mmoja niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili alinitumia ujumbe kwa simu. Alikuwa akitazama video ya mchezo wa kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Video ilikuwa na maandishi ya Kiswahili chini yake, yaliyotafsiriwa na programu ya kompyuta. Yalisema: ‘Kipokezi kipana kimeanguka.’ Kijana akauliza: “Mwalimu, hiki kipokezi kipana ni dishi ama ni mtu?”

Nilicheka peke yangu hadi abiria aliyeketi kando yangu ndani ya matatu akanitazama kwa wasiwasi. Kicheko hicho hata hivyo kiliniishia haraka. Nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia mimi mwenyewe, bila kompyuta wala programu yoyote, nilifanya kosa la ukoo huo huo. Langu halikumchekesha mtu. Nitalifikia.

Neno la Kiingereza lililoleta balaa hili ni ‘receiver’. Katika elektroniki hutumiwa kurejelea chombo. Katika spoti hurejelea mchezaji. Mwingereza hahitaji kuamua. Neno lake linamwonyesha tu yule au kile kilicho upande wa pili, mahali kitu kinapofikia. Kiswahili hakikupi uhuru huo. Kabla hujatamka silabi ya kwanza lazima uwe umeamua iwapo unazungumzia mtu au kitu, kwa sababu uamuzi huo ndio silabi ya kwanza yenyewe: m- au ki-.

Tuanze na kitenzi. Kutokana na ‘pokea’ tunapata nomino tatu ambazo watu wengi huzichanganya: mpokeaji, mpokezi na kipokezi. Wanafunzi wangu wamewahi kuniuliza hiyo /z/ ya ‘mpokezi’ imetoka wapi ilhali haimo katika ‘pokea’. Wapo wanaodhani imetoka katika ‘pokeza’, yaani kumkabidhi mtu kitu. Ingekuwa hivyo, mpokezi angekuwa yule anayetoa, si anayepokea! Jibu limo katika kauli ya kutendwa. Hatusemi kwamba mgeni ‘alipokeawa’, tunasema alipokelewa. Sauti /l/ iliyodondoka zamani hujitokeza pale, na inapokutana na kiambishi tamati -i hugeuka kuwa /z/. Ndiyo maana anayelea watoto (nao wakalelewa) ni mlezi, anayeokoa (watu wakaokolewa) ni mwokozi, na anayenyoa (nawe ukanyolewa) ni kinyozi. Mpokezi yumo katika foleni hiyo hiyo.

Tofauti ya mpokeaji na mpokezi ni kama ile ya msomaji na msomi. Msomaji ni yeyote aliye na gazeti hili mkononi sasa hivi. Akilikunja, usomaji wake umekoma kwa muda. Msomi hubaki msomi hata akiwa amelala. Vivyo hivyo, mpokeaji ni yule anayefikiwa na kitu katika tukio fulani: mpokeaji wa barua, mpokeaji wa pesa zilizotumwa kwa simu. Mpokezi naye amezoeleka kuwa mwenye kazi hiyo, mathalani yule anayekulaki ofisini na kukuuliza una miadi na nani. Sidai kwamba mpaka huu haurukwi. Unarukwa kila siku, hata na wahariri. Lakini upo, na anayeujua huandika vizuri zaidi.

Kuhusu ‘kipokezi’, walimu wengi hutoa kanuni nyepesi: m- ni mtu, ki- ni kitu. Kanuni hiyo husaidia lakini si amri. Huyo kinyozi niliyemtaja ana ki- na ni mtu. Kiongozi pia. Kijana, kiziwi, kipofu, wote wana ki- na sarufi huwatendea kama watu: kiongozi amefika, kinyozi amefunga duka. Kwa hivyo hakuna sheria ya maumbile inayokataza mchezaji kuitwa kipokezi. Kinachokataza ni mazoea. Wasemaji wa Kiswahili wamekubaliana kwamba kipokezi ni mtambo, nacho hupatanishwa katika ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana ‘kipokezi kimeanguka’ kilimpeleka kijana wangu moja kwa moja juu ya paa, kwenye dishi.

Mtambo wenyewe nao si mmoja.

Redio iliyo sebuleni mwako ni kipokezi kwa maana kamili. Hewani hupita mawimbi ya vituo vingi kwa wakati mmoja, na yote huigonga antena, ile ambayo wengi wetu tulikua tukiiita eria. Kazi ya kwanza ya kipokezi ni kuchagua. Unapozungusha kitufe kati ya megahezi 88 na 108 kutafuta stesheni ya FM, unaziambia saketi zilizomo ndani: lipokee hili, mengine yaache. Kisha sauti hutenganishwa na wimbi lililoibeba, huongezwa nguvu, na kupelekwa kwenye spika. Redio ya namna hii hupokea tu. Haijibu, na stesheni haina habari kwamba unasikiliza.

Hali ni hiyo hiyo kwa kipokezi cha GPS kilicho ndani ya simu yako. Nimewasikia watu wazima wakisema setilaiti ‘inakuona’ ulipo. Haikuoni. Setilaiti hizo, zilizo umbali wa takribani kilomita 20,200 juu ya dunia, hutuma ishara za wakati na mahali zilipo, na simu yako ndiyo hupokea na kupiga hesabu. Ikiwa kuna anayejua ulipo, amejua kwa njia nyingine.

Runinga nazo zilituletea neno jingine. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, kila nyumba ilihitaji kisanduku cha kuunganishwa na runinga. Kisanduku hicho hupokea ishara, kwa hivyo tungeweza kukiita kipokezi bila kukosea. Watu hawakukiita hivyo. Walikiita king’amuzi, kutokana na kung’amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Jirani zetu wa Tanzania wana pia kisimbuzi. Mimi hulipenda neno king’amuzi kwa sababu aliyelitumia kwanza hakutafsiri neno. Alitazama kifaa kinamfanyia nini. Kupokea hata eria ya waya kwenye mwembe hupokea. Kilichokuwa kipya ni kung’amua.

(Kwa wanaofuatilia kurasa za biashara: kampuni ikielemewa na madeni, yule anayewekwa kuisimamia kwa niaba ya wadai naye huitwa ‘receiver’ kwa Kiingereza. Wanahabari wetu humwita mrasimu au meneja mrasimu. Sijawahi kusikia kiwanda cha sukari kikiwekwa chini ya kipokezi, na naomba nisisikie.)

Sasa nije kwenye simu, kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa. Simu za zamani kabisa za mezani zilikuwa na sehemu mbili zilizotengana. Ulizungumza kwenye mdomo uliosimama mezani, na ulishika mkononi kipande kingine ukakitia sikioni. Kipande hicho cha sikioni ndicho kilichoitwa ‘receiver’. Baadaye vipande viwili viliunganishwa kuwa mkono mmoja wa simu, lakini jina la kile cha sikioni likabaki, na mafundi waliotengeneza vifaa vidogo vya kuwasaidia watu wenye matatizo ya kusikia wakalirithi.

Tazama kinachotendeka. Kipande hicho kinapokea nini? Kinapokea umeme kutoka ndani ya kifaa. Kwa mafundi, hiyo inatosha kukiita kipokezi. Lakini kwa mwenye sikio, kipande hicho hakipokei chochote, kinatoa. Ni spika ndogo kuliko punje ya maharagwe. Kinachopokea sauti ya watu ni maikrofoni, iliyo mahali pengine kabisa. Yaani jina limetolewa na mtu aliye ndani ya kifaa, na sisi tumesimama nje.

Niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha maelezo ya kifaa kama hicho, cha aina ambayo maikrofoni hukaa nyuma ya sikio na spika huingia ndani ya tundu la sikio kupitia waya mwembamba. Malipo yalikuwa kidogo na muda ulikuwa mfupi, nami sikuwa nimekiona kifaa chenyewe. Nilifungua kamusi, nikakuta ‘kipokezi’, nikaandika ‘kipokezi’. Sentensi yangu ilisema: ‘Kichujio cha kipokezi kikizibwa na nta, kibadilishwe.’ Sarufi yake haina kasoro. Ningempa mwanafunzi alama zote.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea mzee mmoja wa mtaa wetu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna mjadala ulioanza barazani bila yeye kuumaliza. Nilimkuta amenyamaza. Mkewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba masikio ya mzee yalikuwa yamekufa kabisa. Hata kile kifaa walichochangiwa na watoto wao hakikuwa kikisaidia tena. Yapata wiki sita alikuwa haendi kanisani wala haji kwenye kikao cha wazee. Wajukuu walipokuja alikuwa akitabasamu tu na kutikisa kichwa, akijibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Nilimwandikia kwenye karatasi: Umejaribu kukisafisha? Akaudhika kidogo, kama mwalimu aliyeulizwa na mwanafunzi iwapo ametayarisha somo. Akaingia ndani, akarudi na kile kijikaratasi, amekikunja vizuri ndani ya Biblia. Alikuwa amepigia mstari sentensi yangu. Kila jioni, akasema kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiojisikia, alikuwa akikisugua kipokezi kwa brashi ndogo. Akanionyesha. Alikuwa akisugua matundu ya maikrofoni nyuma ya sikio.

Alikuwa sahihi! Ukimpa Mswahili yeyote kifaa cha kusikia umuulize ni sehemu gani inayopokea, atakuonyesha mahali sauti inapoingilia. Mzee alisoma Kiswahili nilichoandika na akakielewa kama kilivyo. Ncha ya upande wa pili, iliyokuwa imezibwa na nta pomoni, hakuigusa kwa kuwa haikuwa inapokea chochote. Kichujio hakikuwa kimebadilishwa hata mara moja. Fundi alikibadilisha kwa muda usiozidi dakika mbili, na mzee akamuuliza mkewe kwa nini anapiga kelele.

Nimeyasema hayo ili isidhaniwe kwamba namcheka mtu aliyeunda ile programu ya kompyuta. Kosa lake na langu ni moja. Sote wawili tuliuliza, ‘Neno hili kwa Kiswahili ni nini?’ badala ya kuuliza, ‘Hapa nani anapokea nini, kutoka wapi?’

Swali hilo ukilipeleka uwanjani linazaa matunda. Chukua mbio za kupokezana vijiti. Kitenzi chenyewe kimebeba mchezo mzima: katika ‘pokezana’ mna kupokea, mna kufanya mwingine apokee, na mna kutendeana. Sijui lugha ya Kiingereza ingehitaji maneno mangapi. Anayepokea huitwa mpokeaji, na upokeaji wake hupimwa kwa mita: katika mbio za mita 100 kwa wanne, kijiti lazima kitoke mkono mmoja hadi mwingine ndani ya eneo la mita 30, na kinachotazamwa na waamuzi ni kijiti kilipo, si miguu ya wakimbiaji. Katika mbio hizo mpokeaji hukimbia bila kugeuka, mkono nyuma, akitegemea mazoezi. Katika mita 400 kwa wanne hugeuka na kutazama, kwa sababu mwenzake anakuja amechoka na haijulikani atafika kwa kasi gani.

Wakenya wa rika langu hawajasahau Munich mwaka wa 1972, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang waliponyakua dhahabu ya Olimpiki katika mita 400 kwa wanne. Asati alianza, kwa hivyo hakupokea kijiti kutoka kwa yeyote, alitoa tu. Sang alimaliza, kwa hivyo alipokea tu. Nyamau na Ouko walipokea na kutoa. Hakuna mmoja wao ambaye kazi yake ilikuwa ‘mpokezi’. Watatu waliopokea walikuwa wapokeaji kwa sekunde chache kila mmoja, kisha wakawa wakimbiaji. Hapa -aji inafaa kabisa.

Katika tenisi upokeaji hudumu kwa muda mrefu kidogo: mchezaji mmoja hupiga sevu mchezo mzima na mwenzake hupokea, kisha hubadilishana. Katika voliboli, anayepokea sevu ni yeyote ambaye mpira umemjia, ingawa timu huwa na mtaalamu wake, libero, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti na ambaye sheria za kimataifa hazimruhusu kuzuia kwenye wavu. Ukiwatazama akina dada wetu wa Malkia Strikers, utaona kwamba mguso ule wa kwanza ndio unaoamua iwapo kutakuwa na shambulizi au patashika. Kama kuna mchezaji ninayeweza kumwita ‘mpokezi’ bila kusitasita, kwa maana ya mwenye kazi hiyo, ni libero.

Na kandanda ya Kimarekani? Kule ‘wide receiver’ ni mchezaji anayejipanga mbali na wenzake, karibu na mstari wa pembeni, kisha hutimka mbele na kuupata mpira uliorushwa na kiongozi wa mashambulizi. Upana unaotajwa ni wa nafasi anayosimama, si wa kiuno chake. Wengi wao ni wembamba. Jerry Rice, aliyecheza kati ya 1985 na 2004, sehemu kubwa akiwa na San Francisco 49ers, ndiye anayeshikilia rekodi: alipokea pasi 1,549 katika mechi za msimu wa kawaida na kujipatia yadi 22,895 kutokana nazo. Nilipozigeuza yadi hizo nikapata takribani kilomita 21, karibu sawa na nusu marathoni, huku watu wazito wakikukimbiza wakuangushe.

Mtu huyu tumwite nani? Kuna wanaopendekeza ‘mdakaji’, na wana hoja. Kupokea kuna utulivu ndani yake: unapewa, unapokea, pengine kwa mikono miwili. Kinachorushwa hewani hudakwa. Lakini mashabiki wa soka tayari wamempa golikipa kazi ya kudaka, na ukisema mdakaji watatafuta lango. Isitoshe, kandanda hiyo ina wachezaji wengine wanaoweza kuudaka mpira wa mpinzani, na hao hawapokei, wanapora. Mpokeaji ni yule ambaye mpira umekusudiwa yeye. Kwa hivyo nilimjibu kijana wangu kwamba ni mtu, na kwamba ningemwita ‘mpokeaji wa pembeni’. Alijibu kwa neno moja la Sheng ambalo mhariri hatalichapisha, lakini nililichukua kuwa la sifa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kurekebisha kijikaratasi. Nilifikiria kuandika ‘kipaza sauti’ nikaona hapana: Wakenya hulitumia neno hilo kwa maikrofoni na pia kwa lile pembe linalotundikwa kwenye gari la kampeni, na ningemrudisha mzee nyuma ya sikio. Nikabaki na ‘spika’, neno la mkopo ambalo purukushani yake ni moja tu, nayo hutatuliwa na upatanisho wa kisarufi: Spika wa Bunge amenyamaza, spika ya redio imenyamaza. Niliwaandikia waliokuwa wamenipa kazi, nikawaomba waondoe sentensi yangu na kuweka hii: ‘Spika ndogo inayoingia ndani ya sikio ina kichujio kwenye ncha yake. Nta ikikiziba, kibadilishe.’ Walikubali, na sikuwadai malipo.

Kisha nilienda kwa mzee kumwambia kwamba kijikaratasi kile kilikuwa changu. Hakikuwa na jina langu, na angeweza kuishi bila kujua. Alinisikiliza hadi mwisho, na safari hii alinisikia.

“Kwa hivyo hicho kipokezi ni spika tu?”

“Ni spika tu, Mwalimu.”

“Sasa mwanangu, si ungesema spika?”